Kukodi baiskeli ya gravel Girona: uzoefu wangu kwenye njia za reli ya zamani, kutoka Olot hadi baharini

Tangu nirudi, kila mtu ananiuliza swali lilelile: ni kweli huko hakuna magari? Ni kweli, kwa sehemu kubwa sana ya safari. Kutoka Olot, mji ulioko chini ya milima ya Pirenei huko Katalonia, Hispania, hadi Girona ni kilomita 54 hivi. Kutoka Girona hadi bahari ya Mediterania, pale Sant Feliu de Guíxols, ni kama kilomita 40 nyingine. Karibu umbali wote huo ni njia ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli peke yao. Unakatiza barabara za lami hapa na pale, unapita mitaa michache ya vijijini ambako magari yanatambaa, basi. Mimi nimekulia Korogwe, nikiendesha baiskeli pembeni mwa barabara kuu huku mabasi ya mikoani yakinipigia honi nishukie majanini. Njia isiyo na gari naijua thamani yake.

Tulikwenda wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye hakuwa amekanyaga pedali tangu alipomaliza sekondari. Baiskeli tulikodi katika duka mjini Girona. Gharama ilikuwa kati ya yuro 50 na 60 kwa siku kwa kila mmoja, helmeti, pampu ndogo na vifaa vya kuziba pancha vikiwa ndani ya bei hiyo. Kabla ya kufika walitutaka tuwatumie urefu wetu, na tulipofika fundi alimpandisha kila mmoja kwenye baiskeli yake, akashusha na kuinua kiti mpaka goti lilipokaa sawa. Hilo walilifanya kwa uangalifu na bila haraka, nami nawapa alama zote. Kiti kikikaa vibaya, magoti yatakulalamikia kabla ya saa sita mchana.

Kwa wasioifahamu, baiskeli ya gravel ina usukani uliopinda kama ule wa baiskeli za mashindano, lakini tairi zake ni nene zaidi, breki ni za diski, na gia za chini ni nyepesi za kutosha kupandia mlima. Wengi wa Kenya wameijua kupitia Migration Gravel Race, mashindano yaliyoanza mwaka 2021 kule Maasai Mara. Zetu zilikuwa na tairi za milimita 40 zisizo na tyubu, zile zinazotiwa gundi ya majimaji ndani ili tundu dogo lijizibe lenyewe.

Sasa malalamiko yangu. Duka lilituahidi gari la kutupeleka Olot na baiskeli zetu asubuhi, ili turudi Girona kwa kuendesha. Gari lilichelewa karibu saa nzima na hakuna aliyetupigia simu. Wakati wa masika saa moja si kitu, ila mwezi wa saba saa hiyo moja ya ubaridi wa asubuhi ndiyo siku yako yote. La pili, tairi zilijazwa upepo kupita kiasi. Nilibonyeza kwa kidole gumba, zikawa ngumu kama jiwe. Kwenye lami hilo halina neno, lakini kwenye changarawe tairi ngumu inarukaruka na kukutikisa mikono mpaka vidole vinakufa ganzi. Tulisimama nje ya Olot, tukapunguza upepo kidogo kidogo mpaka gumba likazama kiasi, na hapo baiskeli ikatulia kabisa. Usiondoke dukani bila kulifanya jaribio hilo.

Njia yenyewe ni tuta la reli nyembamba iliyofika Olot mwaka 1911 na kufungwa mwaka 1969. Upana kati ya vyuma vyake ulikuwa milimita 750 tu, mdogo hata kuliko reli yetu ya Tanga hadi Moshi, ambayo ni ya mita moja. Watu wa huko waliiita carrilet, na njia ya baiskeli imerithi jina hilo. Vyuma vimeondolewa siku nyingi, ila kilichobaki ndicho chenye faida kwa mwendesha baiskeli: mwinuko wa upole. Treni ile ya mvuke isingeweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi waliizungusha njia ikafuata mabonde na mito, na leo mapafu yako yanafaidi hesabu zao. Kutoka Olot, ulioko kwenye mita 440 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda taratibu kupitia Les Preses mpaka Coll d'en Bas, pale njia inapovuka kati ya milima, kama mita 620. Huo ndio mpando pekee wa maana siku nzima. Baada ya hapo unateremka mpaka Girona, ulioko mita 70 tu juu ya usawa wa bahari.

Ardhi ya huku ni ya volkano. Hifadhi ya Garrotxa, iliyotangazwa mwaka 1982, ina vilele vya volkano vipatavyo 40, vimezimika na kuota misitu. Ukiwa na siku ya ziada, laza baiskeli Olot uende kwa miguu kwenye msitu wa Fageda d'en Jordà, uliomea juu ya lava iliyomwagika kutoka volkano ya Croscat. Ukipita hapo majira ya majani kupukutika, utashindwa kuondoka.

Baada ya Coll d'en Bas njia inaingia bondeni, na hapo ndipo nilipoelewa nimelipia nini. Sehemu kubwa imetandazwa sauló, mchanga wa granaiti iliyochakaa, wenye rangi ya ngano, ulioshindiliwa ukawa mgumu. Chini ya tairi unatoa sauti ya kusaga, laini na ya mfululizo. Sauti hiyo inageuka sekunde moja kabla mchanga haujalegea, hasa kwenye kona na mahali matrekta yanapokatiza kuingia mashambani, na ukishaizoea unapunguza mwendo kabla jicho halijaona kitu. Barabarani masikio yangu hufanya kazi ya kusikiliza kilichoko nyuma yangu. Hapa yalikuwa yakisikiliza njia, mto na ndege. Mdogo wangu alinifikia kwenye daraja moja, akaniambia, "Kaka, unajua sijageuka nyuma tangu asubuhi?" Alikuwa hahemi hata kidogo.

Stesheni za zamani bado zipo kandokando ya njia, na baadhi yake zimegeuzwa kazi nyingine. Sant Feliu de Pallerols ni mahali pazuri pa kujaza maji. Tulikula Amer, kwenye uwanja mkubwa uliozungukwa na matao. Sisi hatuli nguruwe, na katika nchi ya soseji za nguruwe inabidi useme mapema, bila aibu. Tuliletewa mkate uliosuguliwa nyanya mbivu, ukamiminiwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa chumvi, pamoja na kimanda kinene cha viazi. Kwa mtu aliyetoka juani, chumvi na mafuta vile vilitosha.

Ukishapita Anglès na Bescanó, bonde linafunguka na mto Ter unakuwa jirani yako. Uzuri wa milima umeisha kufikia hapo, na watu wanaongezeka. Jioni utakuta wazee na fimbo zao, watoto, mbwa. Waenda kwa miguu ndio wenye haki ya kwanza, kwa hiyo piga kengele mapema na pita polepole. Karibu na Salt, mji wenye wahamiaji wengi kutoka Morocco na Gambia, kuna bustani za mboga zinazonyweshwa kwa mfereji wa kale. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia alitutolea salamu, tukamwitikia, akacheka kwa furaha.

Sehemu ya pili, Girona hadi Sant Feliu de Guíxols, ni tambarare zaidi na hata mtoto anayemudu baiskeli ataifurahia. Reli yake ilifunguliwa mwaka 1892 na kufungwa 1969 kama mwenzake. Kituo changu kikubwa huko kilikuwa Cassà de la Selva, mji wa viwanda vya koki, ile inayoziba chupa. Mialoni inayotoa koki ipo kwenye vilima vya Gavarres, upande wa kushoto ukielekea baharini. Nilishuka nikaukaribia mmoja. Juu gamba lilikuwa la kijivu, nene, lenye mipasuko inayoingia kidole. Chini lilikuwa limevuliwa kwa mstari ulionyooka, na shina lililobaki lilikuwa jekundu la hudhurungi, laini. Gamba hilo huvunwa tena baada ya miaka tisa na zaidi, na mti unaendelea kuishi.

Mwenye miguu yenye nguvu na hamu ya vumbi la kweli apandishe Gavarres kwa njia za msituni. Huko hakuna upole wa reli. Mipando ni mikali, mawe yamelegea, na kilomita kumi zinaweza kula asubuhi nzima. Mimi nilifurahi mno, mdogo wangu akabaki Girona kwa hiari yake. Ila kiangazi, hatari ya moto ikiwa kubwa, mamlaka huweza kufunga misitu kwa watu wote, kwa hiyo angalia tangazo la siku hiyo kabla hujatoka, na ukikuta pamefungwa usiingie.

Je, ningelipia tena huduma hii? Ndiyo, hata kwa duka lilelile, mradi wanipe baiskeli jioni ya jana yake ili asubuhi nisimsubiri mtu. Kwa mzazi mwenye umri, au yeyote anayehofia ule mpando wa Coll d'en Bas, omba ya umeme. Maduka mengi ya Girona yanazo. Wenye haraka wanaweza kuunganisha vipande vyote viwili siku moja, lakini mimi ningelala Girona katikati.

Nenda Aprili hadi Juni au Septemba hadi Oktoba. Ukichagua mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, weka nafasi mapema sana, kwa sababu ndipo mji unapojaa wanaokuja kwenye The Traka, mashindano ya baiskeli za gravel, na baiskeli za saizi ya kati ndizo zinazokwisha kwanza.