Maziwa mgando ya banda la Makumbusho, kwa wenye matumbo yanayounguruma

Jamani kama we ni mpenzi wa maziwa ila ukinywa glasi moja tu ya freshi tumbo linaunguruma mpaka jirani kwenye daladala anasikia, huu mrejesho ni wako. Kuna mama anauza maziwa mgando kwenye banda dogo karibu na stendi ya Makumbusho hapa Dar, na mi nasema wazi kwa mgando sijaona wa kumfikia.

Mgando wake mzito kweli, akichota na upawa unaona mabonge yanateleza taratibu kuingia kwenye kikombe, juu kuna utando wa njano wa mafuta ambao hautoi kama wengine wanavyofanya. Uchachu wa kiasi, haukukunji uso. Nilimuuliza anafanyaje na hakunificha, anachemsha maziwa mpaka yachemke kabisa, anayaacha yapoe yawe vuguvugu, anatia mtindi wa jana kidogo kama mbegu alafu anafunika usiku kucha. Hapo kwenye kuchemsha ndo nikamkubali zaidi, maana maziwa mabichi yanaweza kukuletea bruselosi au kifua kikuu na wapo wauzaji hawajali kabisa.

Sasa kwanini freshi inaniungurumisha na haya hayanisumbui? Maziwa yana sukari yake inaitwa laktosi, na ili uivunje kwenye utumbo mwembamba unahitaji kimeng'enya kinaitwa laktasi. Utotoni karibu wote tunacho, ukubwani kinapungua kwa kama theluthi mbili ya watu duniani, ingawa kwenye jamii za wafugaji kama Wamasai wengi wanabaki nacho. Laktosi isipovunjwa inavuta maji, inashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wa kule wanaichachua na kutoa gesi, na misuli ya utumbo ikijikaza kusukuma huo mchanganyiko wa maji na gesi ndo unasikia guruguru, guruguru, na tumbo linajaa. Kwenye mgando bakteria wameshaigeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi, ndo ule uchachu, na walio hai wanaingia tumboni na kimeng'enya chao wanaendelea kukusaidia kazi. Kwahiyo we mwenye shida kama yangu angalia na yoghati za dukani, zile zilizopashwa moto baada ya kuganda ili zikae muda mrefu hao bakteria wanakuwa wameshakufa.

Kitu kingine, pale benchini nimesikia sana watu wanasema tumbo likiunguruma asubuhi ni minyoo, wengine wanakimbilia kununua dawa kabisa. Hapana wapendwa. Tumbo likikaa tupu, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi linapita wimbi la misuli kuanzia tumboni kushuka kwenye utumbo, linafagia mabaki ya chakula, na kwa vile ndani kuna hewa na maji tu bila chakula cha kuzuia sauti inasikika vizuri. Ukila wimbi linakatika. Ndo maana daktari anaweka kifaa chake tumboni kusikiliza, anataka kusikia utumbo unafanya kazi. Cha kuogopa ni tumbo kuvimba na kuuma alafu liko kimya, unatapika na hata gesi haitoki, hapo nenda hospitali saa hiyohiyo usisubiri kesho. Choo chenye damu au kupungua uzito bila sababu navyo vipeleke kwa daktari.

Turudi kwa mama. Mapungufu yapo, vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo moja na maji hayabadilishwi mara kwa mara, hilo nimemwambia mwenyewe na naomba alifanyie kazi kwasababu maziwa safi yanataka kikombe safi. Mi nabeba chupa yangu. Sukari pia anamimina vijiko viwili bila kuuliza, wahi kumwambia "mama, bila sukari". Na wenye matumbo mazito msianze na kikombe kikubwa, anzeni na nusu tena pamoja na chapati au kitumbua, maziwa yakiwa na chakula yanashuka taratibu utumbo unapata muda wa kuyashughulikia.

Kikombe ni shilingi 1,000, chupa ukileta yako mnaelewana. Saa nne asubuhi mara nyingi yameshaisha, kwahiyo wahini.