Mchele "supa" wa Tabora: jina la mbegu au sifa ya muuzaji?

Sokoni Tabora mjini kibao cha "supa" hakikosi juu ya gunia, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Neno limetoka kwenye super ya Kiingereza, nayo ilitoka Kilatini, maana yake "juu ya". Kwetu linafuata nomino bila kubadilika: mchele supa, asali supa. Ila kwenye mchele lina kazi mbili. Supa ni mbegu yenyewe, ile ya punje ndefu inayonukia, wengine huiita Supa India. Tena ni sifa tu, na muuzaji huitoa hata kwa SARO 5, mbegu iliyotolewa mwaka 2002, ambayo hunukia kiasi. SARO 5 si mchele mbaya. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya Supa. Kwa hiyo usiulize "ni supa?" Uliza: "Mbegu gani, na umevunwa lini?"

Supa halisi wa Nzega au Igunga tunaupa alama za juu, na bei yake ni halali. Kuutambua, chota konzi, fumba mkono, upulizie pumzi ya moto mara tatu, kisha nusa. Supa hunukia papo hapo ukiwa mbichi. Halafu hesabu punje 100 kiganjani. Chenga zikipita 15, dai punguzo. Chenga hazitokani na mashine peke yake: mpunga ulioanikwa kwa pupa kwenye jua kali hupata nyufa ndani, ukifika kwenye kinu unakatika. Ukobolewe ukiwa na unyevu wa asilimia 14 hivi. Mawe ni matokeo ya kuanika chini bila turubai. Hayo ni kuchambua tu.

Jikoni, umri wa mchele una uzito kuliko kibao. Mpya, vikombe 2 kwa maji vikombe 3, palia makaa mapema. Hunukia sana lakini ukizidisha maji unagandana. Uliokaa ghalani hunywa hadi vikombe 4 na huchambuka vizuri, ila harufu imepungua.

Kinachotukera ni kuchanganya mpya na wa zamani gunia moja. Sufuria moja inatoa bokoboko na viini vigumu, na hakuna kipimo cha maji kitakachouokoa. Umwage kwenye ungo mahali penye mwanga: punje za zamani zina umanjano, mpya ni nyeupe.