Tahadhari: Gitaa la Nyuzi Kumi na Mbili "la Mwaka 1966" Limetangazwa Tena kwa Picha za Zamani

Ndugu wapiga gitaa na wapenzi wa ala za zamani, naandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza gitaa kavu la nyuzi kumi na mbili, aina ya Martin D12-20, ambalo anadai lilitengenezwa mwaka 1966, limepigwa sana na limetunzwa vizuri. Gitaa hilo nililinunua mimi miezi minne iliyopita, na hivi sasa liko kwa fundi wangu. Wiki hii nimeliona tangazo lile lile, lenye picha zile zile, likiwa limewekwa upya kwa jina jingine. Simtaji mtu huyo kwa sababu malalamiko yangu bado yanashughulikiwa, na pia kwa sababu majina anayotumia hubadilika, ilhali picha na mbinu zake hazibadiliki.

Niseme kwanza kwamba gitaa kupigwa sana si kasoro. Rangi iliyochujuka mahali mkono unapopita, freti (vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo) zilizolika na mikwaruzo ya kucha chini ya tundu la sauti ni alama za ala iliyopendwa, na wengi wetu huzitafuta. Lakini maneno hayo hayo yanaweza kutumiwa kufunika jambo jingine kabisa, nalo ni kwamba gitaa limeshindwa na nyuzi zake. Nyuzi sita nyepesi zikikazwa hadi kwenye sauti yake huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na ushei. Nyuzi kumi na mbili hukaribia kilo 110, na mvuto huo haupumziki usiku wala mchana, hata gitaa likiwa limelala sandukuni. Ndiyo maana wapigaji wengi hulishusha kwa toni moja nzima, jambo linalopunguza mvuto kwa takriban moja ya tano, kisha hubana kapo, yaani kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya pili wanapotaka kurudi kwenye sauti ya kawaida. Lililoachwa kwa miongo kadhaa likiwa limekazwa kikamilifu huvimba ubao wa mbele nyuma ya daraja, yaani kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kwenye ubao huo, daraja lenyewe huanza kubanduka, na shingo huvutwa mbele kidogo kidogo hadi nyuzi zikawa mbali na freti.

Picha alizonitumia zilikuwa kumi na moja, zote zimepigwa kutoka mbele au nyuma, wala hapakuwa na hata moja iliyopigwa kutoka ubavuni. Nilipoomba video alinitumia ya chini ya dakika moja, akipiga kodi tatu karibu na kichwa cha gitaa, mahali ambapo hata shingo iliyoinama bado hutoa sauti ya kuridhisha. Sauti ilikuwa tamu, zile jozi nne nzito zikiitikiana kwa oktava, na utamu huo ndio ulionifanya nisiulize zaidi.

Sanduku lilipofika nilikaza nyuzi na kuweka rula juu ya freti ya kumi na mbili. Uzi mzito ulikuwa umeinuka milimita 5 kutoka kwenye freti, wakati milimita 3 tayari ingekuwa juu kwa gitaa la aina hii. Kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi kwenye daraja kilikuwa kimesagwa hadi kubaki chembamba kama ukucha, maana yake mtu alishajaribu kushusha nyuzi na hapakubaki pa kusaga tena. Karatasi ya kawaida iliingia chini ya ukingo wa nyuma wa daraja pasipo kulazimishwa. Juu ya daraja palikuwa na vidoti viwili vya lulu, vizuri kweli kweli, ambavyo nilividhania kuwa mapambo. Nilipopitisha kioo kidogo na taa kwenye tundu la sauti, niliona chini yake nati mbili zilizokazwa kwenye ubao wa ndani. Kiwanda cha Martin hubandika daraja kwa gundi, hakilifungi kwa bolti. Kuna aliyejua kwamba daraja linang'oka, akalifunga kwa vyuma, kisha akaificha kazi yake.

Nilipomwandikia, alijibu kwa upole kwamba nikaze chuma cha ndani ya shingo nami nitaona nyuzi zinashuka. Jibu hilo liwekeni akilini, kwa kuwa ndilo atakalowapa nanyi. Magitaa ya Martin yalianza kuwekewa chuma cha shingo kinachoweza kurekebishwa mwaka 1985. Ya miaka ya 1960 na 1970 hayana kitu cha kukaza. Dawa yake ni fundi kuing'oa shingo kwa mvuke, kuchonga upya kiungo chake na kuirudisha kwa pembe sahihi, kazi ambayo muuzaji mwaminifu huitaja mapema kwa sababu gharama yake hubadilisha kabisa thamani ya gitaa. Hata mwaka haukuwa wa kweli. Namba iliyogongwa kwenye gogo la shingo, lile la ndani ya mwili wa gitaa linaloshika shingo, ambayo katika picha yake ilionekana kama ukungu tu, niliilinganisha na orodha ya kiwanda nikakuta ni ya miaka ya 1970.

Kuhusu malipo, alinihimiza nitume fedha kwa njia inayokusudiwa jamaa na marafiki, akisema ni kwa ajili ya kuepuka makato. Njia hiyo haina ulinzi wowote kwa mnunuzi, na nilipodai kurudishiwa fedha zangu niliambiwa kwamba nilichotuma kinahesabiwa kuwa zawadi.

Yeyote anayezungumza naye sasa amwombe picha ya ubavuni inayoonyesha nafasi kati ya nyuzi na freti ya kumi na mbili, rula ikiwa mahali pake, pamoja na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo kando ya gitaa. Hataweza kuipiga, kwa sababu gitaa hana. Kama ameshapokea malipo ya awali kutoka kwenu, wasilisheni pingamizi leo hii kwenye huduma mliyotumia, na mhifadhi mazungumzo yote kabla hajayafuta.

Mtazitambua picha hizo kwa mambo mawili. Chini ya tundu la sauti, upande wa nyuzi nyembamba, kuna mkwaruzo uliopinda kama mwezi mchanga. Na katika picha ya sanduku lililofunguliwa, kitasa cha katikati hakipo, pamebaki matundu mawili ya skrubu. Mkwaruzo huo niliugusa kwa kidole changu jana nilipokwenda kwa fundi. Daraja limeshatolewa, bolti ziko ndani ya kikopo juu ya meza yake, na shingo inasubiri zamu yake ya mvuke. Gitaa haliuzwi.