Mashua ya kuvulia mshipi kutoka Wesha: huduma inayofaa familia nzima

Kwa anayetafuta siku ya uvuvi itakayowafaa watoto na wazee kwa pamoja, mashua ya kukodi inayotoka bandari ya Wesha, karibu na Chake Chake kisiwani Pemba, inastahili kufikiriwa kabla ya boti za mahoteli. Tulikwenda jamaa na marafiki, akiwemo mama mkwe wangu na watoto wa skuli, na kilichonipendeza kuliko yote ni kwamba nahodha hakutuchukua kama abiria wa kutembezwa, bali kila mmoja alipewa mshipi wake na kufundishwa kuutumia.

Uaminifu wake ulionekana hata kabla ya safari. Siku tuliyoitaka ilikuwa ya bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, naye akatukatalia, ingawa fedha tulikuwa tayari kumlipa. Alitueleza kwamba maji ya bamvua huenda kwa nguvu, chubwi, ile risasi ya kuuzamisha mshipi, haitulii chini, na mishipi ya watu wasiozoea huishia kusokotana, kwa hiyo ni bora tusubiri maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Tulisubiri, na siku ilipofika mishipi ilishuka wima hata mikononi mwa mtoto mdogo. Vifaa vilikuwa vya kawaida lakini vizuri: ndoana za ukubwa mbalimbali, ngisi wa chambo aliyekatwa tayari, na majaketi ya kuokolea maisha, yakiwemo ya watoto, ambayo nahodha aliyakagua mwenyewe kabla ya kuondoka.

Tulivua katika maji yaliyo karibu na kisiwa cha Misali. Eneo hilo limehifadhiwa tangu 1998, na upande wa magharibi wa kisiwa kuna sehemu ambayo uvuvi hauruhusiwi kabisa. Nahodha alitia nanga mbali na mpaka huo, penye mchanga ili asivunje matumbawe, na kijana mmoja wetu alipomsihi asogee, alimjibu kwa upole: "Wale ndio wazazi wa hawa tunaowavua, mwanangu. Waache wazae." Chewa wadogo walionasa aliwarudisha majini. Kwangu mimi, nahodha wa namna hii ana thamani kuliko injini kubwa.

Changu na tasi walipatikana kwa wingi wa kutosha. Wakati wa kurejea aliachia mshipi wa kukokota nyuma ya chombo, kwani mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita si mbali na nchi kavu, na ndiyo sababu nguru na jodari hupatikana bila ya kwenda masafa marefu. Nguru alipokamata, mshipi ulikuwa mikononi mwa mama mkwe wangu, ambaye ameishi miaka yote katika nyumba ya wavuvi bila ya kupanda chombo cha kuvulia. "Usivute kwa pupa, mama, mpe mshipi akimbie kidogo," nahodha alimwambia, wala hakumpokonya kazi yake. Samaki yule alimtoa mwenyewe, na furaha iliyokuwa usoni mwake ingetosha kuilipia safari nzima.

Yapo ya kurekebishwa. Mashua haina turubai la kivuli, na jua la saa sita liliwachosha watoto. Hakukuwa na sanduku la barafu, bali samaki walifunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji, jambo lisilofaa kwa safari ya kutwa. Choo pia hakuna, na wenye wazee au watoto wadogo waombe mapema wateremshwe kisiwani katikati ya safari.

Bei hupatanwa kwa chombo kizima, si kwa kichwa, na mafuta yamo ndani yake, hivyo kundi kubwa hupata nafuu. Samaki wote ni wa mkodishaji, ila mabaharia hutengewa kitoweo chao, na ni vyema hilo lizungumzwe pale pale bei inapokatwa.