Ufunguo mmoja au saini nyingi: pochi ipi ya bitcoin ikufae?

Kikundi cha wauza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, kinachotunza akiba kwenye sanduku la kufuli tatu tayari kinaelewa pochi ya saini nyingi, yaani ile inayotaka idhini ya zaidi ya ufunguo mmoja kabla fedha hazijatoka. Ila sanduku huwataka wote watatu, wakati pochi unaweza kuipanga saini mbili kati ya tatu zitoshe. Simu ya mmoja ikizama ziwani, waliobaki bado wanahamisha fedha.

Pochi ya ufunguo mmoja ni nyepesi. Unaandika kwenye karatasi maneno 12 au 24 ambayo pochi hukupa ili kuurejesha ufunguo wako, basi. Kwa mtu mwenye kiasi kidogo inatosha, na ada ya muamala kwa kawaida huwa chini. Lakini atakayeyaona maneno hayo amechukua kila kitu, na hakuna benki ya kupigia. Fedha za kikundi kwa mweka hazina mmoja? Hapana, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Saini nyingi nazo zina mitego. Kwenye Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu za kidijitali, hutegemea mkataba wa programu, yaani msimbo unaojiendesha wenyewe kwenye mtandao huo, na Novemba 2017 hitilafu katika pochi za kampuni ya Parity ilifungia zaidi ya etha 500,000, sarafu ya mtandao huo.

Kwenye bitcoin, kosa linaloumiza ni la nakala. Kurejesha pochi ya mbili kati ya tatu, maneno ya watu wawili hayatoshi. Unahitaji pia ufunguo wa umma wa yule wa tatu, yaani ule unaoweza kuonyeshwa wengine lakini hauwezi kutoa fedha. Kila mwanakikundi atunze nakala ya mpangilio mzima wa pochi, pamoja na funguo za umma za wote watatu, mmoja Nyamagana, mwingine Ilemela.