Kampuni ya kulobi Nairobi kwa pesa za kodi: nyota moja kati ya tano

Watu wa Amu (Lamu), hii rivyu si ya hoteli wala mashua, ni ya kampuni ilokodiwa na ofisi moja ya umma hapa kwetu iende Nairobi ikatusemee kwa wakubwa wa wizara, ndiyo kulobi huko. Pesa ni za kodi, maana yake hata mama anayeuza mahamri Mkunguni kachangia kila anaponunua mafuta.

Ripoti yao ilipoletwa barazani niliishika mkononi nikaifungua ukurasa kwa ukurasa. Karatasi nzito za kung'aa, picha watu wanapeana mikono hotelini, mwisho pale kwenye mafanikio wameandika "uhusiano umeimarishwa". Uhusiano na nani, kwa lipi, jeti yetu, yaani gati ya mashua, itatengenezwa lini, hamna. Mzee mmoja akauliza mkataba ni wa shilingi ngapi akaambiwa ni siri ya biashara. Siri vipi jamani na kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizoko serikalini?

Na twalipa mara mbili. Tuna seneta, tuna wabunge wawili na mwakilishi wa kike, mishahara yao ni sisi, na kifungu cha 96 chasema Seneti iko pale kulinda maslahi ya kaunti. Kupeleka maombi Bungeni nako ni haki ya kila mtu, kifungu cha 119, huhitaji kumkodi mtu. Wavuvi wetu walikwenda mahakamani wenyewe kwa sababu ya bandari ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa usafirishaji wa kutoka Lamu kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, wakaenda na mawakili na ushahidi wa bahari yao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Leseni ya ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa hapa Lamu pia ilifutwa 2019, watu walisimama kidete.

Sikatai mtaalamu wa kutupigia hesabu za mgao wa mapato, hilo lina kazi yake. Lakini kule Marekani tangu sheria ya 1995 anayelobi bunge lao hujisajili, akataja mteja na pesa, hata mteja akiwa ni mji au chuo cha umma, mtu yeyote anaangalia. Hapa mpaka uombe na bado unanyimwa.

Nyota moja naipa kwa sababu ripoti angalau ililetwa mbele ya watu. Mkataba wakitaka kuurefusha mi napinga, hadi bei iwekwe wazi na waseme wameonana na nani.