Nakala tatu za mfupa wa koo: seti inayofaa darasani

Seti hii ya rezini ina nakala za hioidi, mfupa mdogo unaoshikilia mzizi wa ulimi: wa sokwe, wa mtoto wa Dikika, wa jamii ya kale iliyo karibu na binadamu, aliyeishi Ethiopia miaka milioni 3.3 iliyopita, na wa Neanderthali, binadamu wa kale aliyetoweka, aliyechimbuliwa katika pango la Kebara, Israeli, mwaka 1983.

Thamani yake yote imo kwenye kibakuli cha katikati. Mfupa wa sokwe na wa Dikika umebonyea kwa nyuma mithili ya kijiko, mahali pa mifuko ya hewa ya kooni. Wa Kebara hauna kibakuli hicho, sawa na wetu. Kabla ya kulipa, geuza nakala na upitishe kidole. Usipohisi shimo, rangi imepakwa nene mno na nakala haifundishi kitu. Pembe za ule wa sokwe, yaani ncha zake nyembamba za pembeni, hukatika upesi, zifunge kwa pamba.

Kinachotuudhi ni kijikaratasi kinachodai Neanderthali "alizungumza". Mfupa peke yake hauthibitishi hilo: ulimi ni nyama, zoloto (kisanduku cha sauti) ni gegedu, na vyote vimeoza. Mwalimu akitoe kijikaratasi hicho, awaache wanafunzi walinganishe mifupa wenyewe.